Vichwa vya risasi vinalegea kwenye ganda, shida iko wapi?

Swali limetoka kwa ndugu yetu mmoja wa Minnesota, Marekani, mwindaji wa kulungu wa mkia mweupe. Nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina bunduki ya bolti ya .308 Winchester, nimeanza kujaza risasi mwenyewe nyumbani tangu kile kipindi cha 2020 na 2021 risasi zilipoadimika madukani. Presi na dai nimenunua mkononi kwa mtu, maganda mengi nimeokota uwanja wa shabaha. Sasa shida, baadhi ya risasi nikimaliza kuzijaza kichwa kinazunguka kwa vidole, na zipo ambazo niligonga kidogo tu mezani kichwa kikazama. Nyingine ziko poa kabisa, hazitikisiki. Jamaa wa uwanjani ananiambia krimpu (bana mdomo wa ganda kwenye kichwa) kwa nguvu tu itaisha. Nifanye hivyo? Na hizi nilizojaza tayari nizipige tu ziishe?"

Marahaba kaka. Naanza na la mwisho. Hapana, usizipige. Hata moja. Wala usiziingize kwenye chemba kujaribu kama zinaingia.

Kabla sijaenda mbali tuelewane maneno maana kwetu kila kitu ni "risasi". Hapa chini nikisema kichwa namaanisha kile kinachoruka, ganda ni lile la shaba ya njano linalobaki, fataki ni ile ya kitakoni inayopigwa na pini, na risasi ni vyote vikiwa pamoja na baruti ndani. Presi ni mashine ya mkono ya kujazia, dai ni kile chuma kinachofungwa kwenye presi kubana ganda au kusukuma kichwa ndani, na huko kusukuma kichwa ndani ya ganda ndo kusitia. Na vipimo vyote nitataja kwa inchi, sio kwamba naipenda inchi, ila dai zako na vitabu vyako vyote vya huko vimeandikwa kwa inchi na ukianza kubadilisha badilisha ndo unakosea. Nikisema "elfu mbili" ni elfu mbili za inchi, yaani 0.002, sio shilingi.

Haya. Kwanini usizipige. Watu wengi wanadhani hatari ni kichwa kuzama ndani tu, kwamba nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda. Hiyo ni kweli, na kwenye bastola ndo balaa lenyewe kwa sababu ganda ni dogo, ila kwenye raifli kuna hatari nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi. Unaingiza risasi chemba, kichwa kinagusa kwenye mifuo ya mtutu pale mbele, hujapiga, kulungu kaondoka, unafungua bolti kutoa risasi, ganda linatoka peke yake na baruti inamwagika kwenye mashine yote na kichwa kimebaki mtutuni. Kama uko gizani asubuhi na baridi la Novemba la huko na glavu mkononi unaweza usione, ukasukuma risasi nyingine nyuma yake ukapiga. .308 inaruhusiwa kufika presha ya psi 62,000 ikiwa kila kitu kiko sawa, sasa fikiria mtutu umezibwa mbele. Bunduki inapasuka, na uso wako uko hapo hapo, shavu kwenye kitako cha bunduki.

Kwa hiyo hizo zote unazivunja. Unayo ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa? Kama huna nunua, ni bei ya kawaida tu na utaihitaji maisha yako yote ya kujaza. Vaa miwani, ingiza risasi moja moja, gonga kwenye kitu kigumu, kichwa kitatoka, na kwa zilizolegea kitatoka kwa pigo moja. Na kabla hujazivunja, hii ni muhimu, ZIGAWE. Zinazozunguka weka huku, zilizo ngumu weka kule. Usichanganye. Kwenye hayo mafungu mawili ndo jibu lako limelala na ukishayachanganya umejifutia ushahidi mwenyewe. Baruti rudisha kwenye chupa yake kama una uhakika kwa asilimia mia ni ya chupa hiyo, kama una wasiwasi hata kidogo imwage.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kinachoshika kichwa ni shingo ya ganda. Shingo inatakiwa iwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili kichwa kikiingia kiilazimishe kufunguka, na shaba inavyotaka kurudi ilikokuwa ndo inabana. Kwa bunduki ya kuwinda tunataka shingo iwe ndogo kwa elfu mbili hivi mpaka tatu. Kwa mtu wa shabaha anayelisha risasi moja moja kwa mkono hata elfu moja inamtosha, lakini wewe una magazini, una mtikisiko wa bunduki ikipiga, unabeba risasi mfukoni ukipanda mti wa kuvizia, wewe ni wa elfu mbili kwenda juu. Ikifika sifuri kichwa kinazunguka, ikipita hapo kichwa kinadondoka ndani. Hakuna uchawi hapo.

Kwa hiyo kuna mambo matatu tu yanayoweza kukosea: kichwa ni chembamba kuliko inavyotakiwa, au ganda lina shida, au dai haibani vya kutosha. Na wewe umeshaniambia kitu kikubwa bila kujua, umesema nyingine ziko poa kabisa. Kama ekspanda yako, kile kidonge cha chuma ndani ya dai kinachofungua shingo baada ya kubanwa, ingekuwa kubwa kupita kiasi au dai imefungwa juu sana ungeona karibu zote zinalegea. Kama vichwa vyote vya boksi ni vyembamba, hivyo hivyo. Ukiona baadhi ndio baadhi sio na dai ni hiyo hiyo na vichwa ni vya boksi moja, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni maganda ya kuokota. Angalia kitakoni, soma maandishi ya kiwanda, uone kama zilizolegea zote au nyingi ni za kiwanda kimoja. Naweka dau ndivyo utakavyokuta.

Nieleze kwanini, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza wiki nzima. Maganda ya .308 hayafanani unene wa shingo. Kuna ya kiwanda fulani ukuta wa shingo ni elfu kumi na mbili, kuna mengine ni elfu kumi na tano, Lapua kwa mfano wanajulikana kuwa na shingo nene na Winchester wanajulikana kuwa na nyembamba, na ya jeshi nayo yana mambo yake. Elfu tatu tofauti ya ukuta inaonekana ndogo lakini ukuta uko pande mbili, kwa hiyo ni elfu sita kwenye kipenyo. Sasa chukua dai ambayo inabana shingo kwa nje mpaka 0.331 tuseme. Ganda nene, ondoa 0.015 mara mbili, ndani inabaki 0.301. Imebanwa sana hiyo, ekspanda ikipita ikitoka inaifungua mpaka kama 0.306 au 0.307 na kichwa cha 0.308 kikija kinashikwa vizuri. Chukua ganda jembamba dai hiyo hiyo: 0.331 toa 0.012 mara mbili unabaki na 0.307. Ekspanda inapita inagusa kidogo tu au haigusi kabisa, alafu shaba ikilegea kidogo baada ya kutoka kwenye dai, maana shaba haikai ulipoiacha inarudi nyuma kidogo, unajikuta na 0.308 kamili. Kichwa ni 0.308. Umekwisha. Hujakosea kitu kwenye mkono wako, presi umeivuta vile vile, ila hesabu ndo imekataa.

Hii inawakuta zaidi wale wenye dai za bushi, zile unabadilisha pete ya ndani. Umesema umenunua mkononi, kwa hiyo fungua dai uangalie ndani. Kama ina bushi basi mwenye nayo alichagua bushi kwa ajili ya maganda YAKE, sio ya kwako ya kuokota. Namba imechongwa juu ya bushi yenyewe. Namna ya kuchagua ni rahisi: chukua risasi iliyojazwa kwa ganda la aina unayotumia, pima shingo kwa nje pale kichwa kilipo, toa elfu mbili au tatu, hiyo ndo bushi yako. Shingo ikipima 0.333 nunua 0.330 au 0.331. Ganda nene la 0.338 linataka bushi ya 0.335. Bushi moja haiwezi kutumikia yote mawili, na ndio maana nawaambia watu wasijaze mchanganyiko, chagua aina moja ya ganda baki nayo, mengine wape watu au kauze kwa wanunua vyuma.

Na kama dai yako ni ya kawaida, isiyo na bushi, bado ifungue. Toa ile fito ya katikati yenye pini ya kusukuma fataki, hapo juu kidogo ya pini kuna kidonge cha chuma, ndio ekspanda. Kipime. Kwa .308 kinatakiwa kiwe kati ya 0.306 na 0.307 hivi. Kikiwa 0.308 au zaidi hicho sio chake, mtu alichanganya fito za dai zake, kuna watu wana dai za .303 British na za .308 kwenye droo moja na fito zinaingiliana kwa macho. Kikiwa 0.307 na nusu na shaba yako ni ngumu nacho kinaweza kukuletea shida, hicho unakiweka kwenye drili, unawasha taratibu, unakishika na msasa laini kabisa, unapima, unashika tena, unapima, mpaka kimepungua elfu moja. Usiwe na haraka, kupunguza chuma ni rahisi kukirudisha haiwezekani. Ila kwa pesa ya leo kuagiza kipya pia sio ghali.

Kitu kingine cha dai ya mkononi ni imefungwaje kwenye presi. Kuna mtu anaifunga juu juu akiogopa kurudisha nyuma bega la ganda (pale ganda linapopungua kuelekea shingo), matokeo yake shingo inabanwa nusu tu, nusu ya chini inabaki na upana iliotoka nao chemba. Hii unaiona kwa macho: ganda lililotoka kupigwa lina masizi meusi shingoni, ukilibana kwenye dai angalia mstari unaishia wapi, au paka wino wa maka shingo nzima kabla. Kama wino umefutika sehemu fupi tu pale mdomoni, dai ikashuke zaidi. Shusha kidogo kidogo na uwe unajaribu ganda kwenye bunduki yako, usikurupuke kuipiga chini robo nzima maana ukizidisha bega linarudi nyuma mno na hilo ni tatizo jingine la siku nyingine, ganda linakatika katikati.

Kuhusu vichwa. Pima vichwa vyako, vitano sita vya boksi, kwa maikromita kama unayo, venia ya kawaida inakosea elfu moja kirahisi na hapa elfu moja ndo kesi yenyewe. Vya .308 viwe 0.308. Vikiwa 0.307 na nusu vingi, kuna kitu. Mara nyingi shida ya vichwa inawakuta wanaonunua vile vya bei rahisi vilivyotolewa kwenye risasi za zamani za jeshi, vimebanwa na koleo vimekuwa na umbo la yai, vina makovu, vina lami iliyokauka. Sio vibaya vyote ila usishangae vikizunguka. Na usivichanganye na vya bunduki jirani: .303 British inakula kichwa cha 0.311 mpaka 0.312, 7.62x39 ya Kirusi inakula 0.310 na 0.311, zote watu wanaziita "thati", yaani .30, lakini sio thati moja. Ukiweka cha 0.308 kwenye ganda la .303 lililobanwa na dai yake sahihi kinaingia kama kidole kwenye pete ya jirani, elfu zote za kubania zimeliwa. Na kinyume chake usithubutu kabisa, cha 0.311 kwenye bunduki ya .308 ni kutafuta presha kwa makusudi.

Tumebakiwa na shaba kuchoka, na hii inakuhusu sana maana ganda la kuokota hujui limepigwa mara ngapi. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa kopa 70 na zinki 30 kwa mia, ni laini vizuri ikiwa mpya lakini kila ukiipiga ikatanuka na ukaibana tena kwenye dai inazidi kuwa ngumu, sawa na waya ukiupinda pinda pale pale unakakamaa mwishoe unakatika. Shingo iliyokakamaa ukiibana inaruka kurudi. Unaibana mpaka 0.330, ukiitoa iko 0.332. Kwa hiyo hata dai ikiwa sahihi na ekspanda sahihi mkazo unapotea, na dalili yake ni kwamba maganda yale yale yaliyokuwa yakishika vizuri mzunguko wa kwanza na wa pili yanaanza kulegea mzunguko wa tano au wa sita. Ukiangalia kwa makini utakuta mengine yana ufa mdogo kwenye mdomo, mwembamba kama unywele. Lenye ufa halina dawa, tupa, tena liponde kwa koleo usije ukaliokota tena mwenyewe.

Dawa ya shaba iliyokakamaa lakini haijapasuka ni kuipasha moto. Shingo na bega tu, basi. Kitako kisipate joto kamwe, narudia, kitako ndicho kinachozuia presha yote isikurudie machoni, kikilainika ganda linapasukia nyuma. Wenye pesa wana mashine. Wengine wanatumia toki ya gesi, wanazungusha ganda kwenye moto sekunde chache, na wanapaka ndani ya shingo ile rangi maalum ya kupimia joto inayoyeyuka kwenye nyuzi 400 za selsiasi hivi, 750 kwa farenhaiti, ikiyeyuka unatoa. Fanya kwenye chumba chenye giza kidogo, shingo ikianza kuwaka nyekundu ya wazi umeshapitiliza, na shingo iliyopitiliza nayo inakuwa laini mno haibani kitu, unarudi pale pale ulipoanzia. Wazee walikuwa wanasimamisha maganda kwenye sinia la maji, maji yanafika nusu, wanachoma juu alafu wanayaangusha majini. Wengine wakadhani maji ndio yanaifanya shaba iwe nzuri. Hapana, shaba sio chuma, haigandi ugumu ukiizamisha, maji yale kazi yake ni kuzuia joto lisishuke kitakoni tu. Na unapasha ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti, kabla ya kulibana kwenye dai. Nimeandika hilo kwa sababu kuna binadamu ashawahi kuuliza kama anaweza kupasha risasi iliyojaa.

Kwenye maganda mapya ya jeshi utaona rangi ya bluu na kahawia pale shingoni, ndio alama ya huo moto, jeshi hawaisafishi. Hii kitu ina historia yake. Wakati Waingereza wapo India risasi zao zilikuwa zinapasuka shingo zikiwa stoo tu, hazijapigwa, hasa msimu wa mvua za monsuni na hasa zilizowekwa karibu na mabanda ya farasi. Ilikuja kueleweka kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi ikichanganyika na unyevu na ule mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu kiwandani, na wataalamu wa metali wa Uingereza waliiandika vizuri mwaka 1921. Kupasha moto kunaondoa ule mkazo. Faida kwako leo ni hii: usisafishe maganda kwa dawa za kung'arishia shaba zenye amonia. Yatang'aa kama kengele alafu yakupasukie kwenye kabati.

Sasa krimpu. Jamaa yako wa uwanjani hana nia mbaya lakini amekupa ushauri wa kufunika chungu kinachovuja. Krimpu ni kubana mdomo wa ganda kwenye kichwa, ina kazi yake, kwenye bunduki za magazini ya bomba kama zile za .30-30 ambako kichwa cha risasi moja kinasukuma kitako cha nyingine, na kwenye baadhi ya bunduki za kujipakia zenyewe zinazosukuma risasi kwa nguvu. Lakini krimpu inashika mstari mmoja mwembamba mdomoni, shingo inashika urefu wote. Kama shingo haishiki krimpu haitaokoa. Tena mbaya zaidi, ukikrimpu kwa nguvu kama alivyokwambia, na kichwa hakina ule mfereji wa kukrimpia, unaponda koti la kopa na ledi laini ya ndani, mkono ukitoka shaba inaruka kurudi lakini kichwa hakirudi, kimebaki na kiuno. Umelegeza ulichotaka kukaza. Na ukiishusha dai ya kusitia ikakrimpu huku inasukuma kichwa bado, shingo inavimba au bega linabonyea, na ganda haliingii chemba.

Kwa hiyo hata angalia kama hilo sio ndio chanzo chako! Dai ya kusitia vichwa ya kawaida ina ngazi ndani ya kukrimpia. Ikifungwa chini sana inakrimpu bila wewe kujua. Na ndio maana maganda marefu tu yanaguswa na mafupi hayaguswi, unapata baadhi hivi baadhi vile, kama unavyosema wewe. Pima urefu wa maganda yako, .308 mwisho ni 2.015, yaliyozidi kata, na dai ya kusitia ipandishe zamu moja nzima kutoka pale inapogusa mdomo wa ganda, alafu teremsha ile fito ya juu kufidia. Hapo krimpu imekufa, unajaribu bila hiyo kabisa. Mimi .308 ya bolti sikrimpu.

Vitu vidogo vidogo ambavyo huwa haviwi chanzo peke yake ila vinachangia: mafuta ya kubania yaliyobaki ndani ya shingo, yafute. Mtu kunoa mdomo wa ganda kwa ndani mpaka umekuwa kisu, kazi yake ni kuondoa ukali tu sio kuchonga. Na kuna dai za kufungua mdomo kwa ajili ya vichwa vya ledi laini vya kumimina nyumbani, kama mwenye presi wa zamani alikuwa anamimina basi angalia hukununua na dai hiyo ukadhani ni hatua ya kawaida.

Basi ukae mezani ufanye hivi. Chukua maganda kumi ya kiwanda kimoja, yasiyo na fataki. Bana. Pima shingo kwa nje, andika. Jaribu kudondosha kichwa mdomoni kwa mkono kabla ya kusitia, kikizama chenyewe acha hapo hapo, ganda hilo limeshindwa. Kikikataa, sitia kwenye presi, pima tena shingo pale pale. Namba ya pili toa ya kwanza ndio mkazo wako. Ukipata 0.002 au 0.003 umepona, ukipata nusu ya elfu au sifuri bado unaumwa. Alafu chukua hiyo risasi bandia, isiyo na baruti wala fataki, bonyeza ncha ya kichwa kwenye ukingo wa meza ya mbao kwa nguvu ya mkono wako wote, ukiwa umepima urefu mzima kabla. Pima baada. Urefu usibadilike. Ilishe kutoka kwenye magazini kwa bolti mara kadhaa, kwa nguvu kama uko porini, pima tena. Hiyo ndo tesiti, na unaifanya kwa bandia ili mkono ukiteleza hakuna kinacholipuka. Urefu mzima wa .308 kwa kiwango cha kiwanda usizidi 2.810, kwa hiyo sitia hapo au chini yake kidogo kama kitabu chako kinavyosema kwa kichwa hicho.

Bandia zikishika fanya hivyo hivyo kwa maganda ya aina nyingine uliyonayo. Utakuta aina moja inapata 0.003 na nyingine 0.000 kwa dai hiyo hiyo, na hapo hutahitaji tena mtu wa kukueleza. Kama zote zinapata sifuri rudi kwenye ekspanda na bushi. Kama aina moja tu, achana nayo. Kama aina ile ile moja zinapishana zenyewe kwa zenyewe, ni umri wa shaba, pasha moto au tupa. Ukishaanza kujaza za kweli na ukaenda uwanjani, weka moja ya chini kabisa kwenye magazini usiipige, piga za juu yake, alafu itoe uipime urefu. Mtikisiko wa bunduki unapiga vichwa mbele na nyuma kwenye magazini na hii ndo itakwambia ukweli ambao ukingo wa meza haukusema.

Kwa wasomaji wa nyumbani, kabla hamjaanza kuniandikia mnataka presi: haya ni mambo ya Marekani ambako mtu haihitaji leseni ya serikali kuu kujaza risasi za kutumia mwenyewe, akitaka kuuza ndo anahitaji. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Tanzania kuna ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na kutengeneza risasi nyumbani bila leseni ni kesi nzito. Na hata huko Marekani ndugu zetu wenye visa za muda, za shule na kazi, kumiliki bunduki au hata risasi kuna makatazo na misamaha yake kama ya leseni ya kuwinda, sio kama mwenye green card, kwa hiyo mjue hali yenu kabla ya kwenda dukani.

Wewe kaka ukimaliza kupima niandikie namba nne tu: ekspanda yako inasoma ngapi, kichwa kinasoma ngapi, shingo ya ganda lililolegea ikiwa na kichwa ndani inasoma ngapi, na ya lile gumu inasoma ngapi. Maandishi ya kitakoni pia. Na kama dai ikikutwa na bushi niambie namba yake, tutajua kwa dakika moja ununue ipi.